Mbaazi za Siakago

Somoe Likwata alifika Embu Jumanne moja ya mwanzo wa Septemba, baada ya siku tatu barabarani kutoka Masasi, na jambo la kwanza alilogundua ni kwamba hakuwa na nguo. Sanduku lilijaa, ndiyo, lakini lilijaa nguo za Masasi: madira mepesi, mitandio, khanga mbili za mama yake, na sweta moja la sekondari ambalo mikono yake ilishaishia karibu na viwiko. Jumatano asubuhi aliamka meno yakigongana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na mikahawa nyuma ya hosteli, na alipofungua bomba kutia udhu, vidole vilikufa ganzi kabla hajafika kwenye viwiko.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa kilimo mwaka wa tatu. Chuo chake na hiki cha Embu vilikuwa na makubaliano ya kubadilishana wanafunzi, wawili waje Kenya semista moja na wawili waende Tanzania. Mwenzake, kijana wa Newala, aliugua wiki ya safari akaahirisha. Somoe akaja peke yake.

Chumbani alimkuta msichana wa Nkubu, Meru, aitwaye Kananu, mchangamfu, mwenye spika ndogo isiyozimwa. Kananu alimwazima blanketi siku ileile. Lakini kila Somoe alipofungua kinywa, Kananu alicheka mpaka akashika tumbo.

"Aki wewe! Sema tena. Unaongea kama mtangazaji wa habari za saa moja."

Hakuwa na ubaya. Wala muuza duka wa nje ya geti hakuwa na ubaya, Somoe alipomwambia, "Naomba mkate na maziwa," naye akamtazama na kumuuliza, "Unaomba ama unanunua?" Watu waliokuwa foleni wakacheka. Somoe naye akacheka kidogo, akalipa, akaondoka, na njia nzima masikio yalimwaka moto.

Nyumbani, watu walipomwuliza kama haogopi kwenda nchi ya wenyewe, alijibu kwamba Kenya wanazungumza Kiswahili, ataogopa nini? Hicho ndicho alichokitegemea. Kumbe darasani ilikuwa Kiingereza, koridoni Kimeru na Kiembu, na Kiswahili kilitumika kwa dakika mbili tatu, na mtu usiyemjua, kisha kikarudishwa kilikotoka. Alikuwa na lugha tele na hakuwa na wa kuongea naye.

Ijumaa, wahadhiri waligoma. Asubuhi waliingia darasani, wakakaa, wakangoja. Saa nne akaja kijana mmoja akasimama mlangoni, akasema neno moja, "Straiki," na ukumbi mzima ukashangilia. Somoe alidhani ni jambo la siku moja. Lakini aliporudi hosteli alikuta koridoni mabegi, ndoo, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba.

"Hii inaweza enda hata mwezi," alisema Kananu, akijaza nguo kwenye begi. "Mimi naenda nyumbani nikasaidie mathe kuchuma chai. Wewe je?"

"Mimi nitabaki. Tiketi yangu ya kurudi ni ya Desemba."

Kananu aliacha kukunja. Alimtazama kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. "Ningekwambia uje kwetu, lakini dada yangu amejifungua, nyumba imejaa. Aki pole. Lakini kuna yule Mister Nthiga wa wageni, si atakupangia?"

Bwana Nthiga ndiye aliyempokea kituoni Jumanne, mtu wa tai nyekundu na maneno mengi, akampa namba yake na kumwambia apige wakati wowote. Somoe alipiga Ijumaa jioni. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga Jumamosi, bado imezimwa. Kumbe wafanyakazi wa ofisi nao walikuwa wameingia kwenye mgomo.

Kufikia Jumapili ghorofa ya pili ilikuwa kimya. Somoe hakuwahi kuishi na kimya cha namna hiyo. Kwao kulikuwa na mama, shangazi, wadogo watatu, jogoo wa jirani, redio. Hapa alisikia maji yakidondoka bafuni, akaenda kukaza bomba, akarudi, akagundua kwamba afadhali yangeendelea kudondoka. Akatoka kutembea. Alipita mtaa wa Dallas, akatazama nyumba za watu wenye mapazia na watoto uani, akafika mjini, akazunguka sokoni bila kununua kitu, kwa sababu kununua kulihitaji kusema. Mwanamke mmoja aliyeuza parachichi alimsalimia kwa Kiembu, na alipoona hajibu, akageukia mteja mwingine.

Mama yake alipiga simu kila siku baada ya sala ya adhuhuri.

"Masomo vipi, mwanangu?"

"Mazuri, mama. Leo tumesoma udongo."

"Na wenzio?"

"Wazuri. Tunacheka sana."

Alisema hivyo Ijumaa; Jumamosi na Jumapili akasema wanajisomea pamoja. Baada ya kila simu alikaa kitandani, simu mkononi, mpaka taa ya kioo ilipozima yenyewe.

Jumatatu aliamka na mafua, kichwa kizito. Akajifunika blanketi lake na la Kananu, akalala tena. Katika usingizi alisikia kama funguo zikigongana mbali, na sauti ya mwanamke ikiita majina. Jina lake halikuitwa. Alipoamka saa nne ilikuwa imepita. Akachukua ndoo, akashuka ngazi kwenda kuteka maji chini, na mwisho wa ngazi akakuta mlango wa chuma umefungwa. Akausukuma. Kufuli lilikuwa nje.

Alirudi juu. Akashuka tena, kana kwamba mlango ungebadili mawazo. Akampigia Bwana Nthiga, simu bado imezimwa. Akafungua orodha ya namba kwenye simu yake, akaishusha kwa kidole mpaka chini, akaipandisha. Katika nchi nzima ya Kenya alikuwa na namba ya Bwana Nthiga na ya Kananu, na Kananu hakushika.

Akaketi kwenye ngazi. Mtu mwingine yeyote angepiga kelele, na yeye alijua hivyo. Lakini alipofikiria kupiga kelele alifikiria pia maneno ya kupigia, na alipofikiria maneno alisikia kicheko cha foleni ya dukani. Akala kipande cha mkate mkavu alichokuwa nacho. Akakaa hapo kwa muda wa saa tatu, mgongo ukutani, ndoo tupu kati ya miguu.

Simu ililia. Mama.

"Masomo vipi, mwanangu?"

"Mazuri. Leo tume..."

"Hebu ngoja. Mbona sauti yako inarudi kama uko ndani ya tangi?"

"Niko kwenye ngazi, mama."

"Ngazi za darasani?"

Somoe alitaka kusema ndiyo. Akashindwa. "Za hosteli. Mlango umefungwa kwa nje. Wamenifungia."

"Wamekufungia kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa. Hawajui kama nipo."

Na alipojisikia akisema hivyo, yote yaliyobaki yakamtoka kwa pamoja: kwamba hapakuwa na masomo, kwamba wenzake wote wamekwenda makwao, kwamba hakucheka na mtu tangu Ijumaa. Alilia kwa sauti na ngazi zikamrudishia kilio chake. Mama yake hakumkatiza wala hakulia naye. Alipomaliza, mama alisema, "Basi wajulishe. Una dirisha?"

"Ninalo."

"Nenda ukapige kelele."

"Naona aibu."

"Aibu utaiona ukishatoka. Nenda. Na simu usikate, nataka nikusikie."

Somoe akapanda chumbani, akafungua dirisha, akaweka simu kwenye kizingiti. Chini kulikuwa na ua, na ng'ambo ya ua shamba la majani ya ng'ombe, marefu kuliko mtu. "Samahani!" aliita. "Naomba msaada!"

"Hapo umemwamsha nani?" sauti ya mama ikasema kizingitini. "Ita kama nyumba inaungua!"

Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. "Jamani! Jamaniii! Nifungulieni! Nimefungiwa ndani!"

Majani yakatikisika. Mwanamke mwenye viatu vya gambuti na panga akatokeza kichwa, akakinga jua kwa mkono na kutazama juu.

"Wewe nani? Umeingia kuiba ukafungiwa?"

"Hapana, mama! Mimi mwanafunzi. Mgeni. Natoka Tanzania!"

"Haki ya Mungu," alisema yule mwanamke, "kumbe huko kuna mtu!" Akatupa mzigo wa majani chini na kukimbia kuelekea getini, panga bado mkononi. Jina lake lilikuwa Ruguru, na Somoe hakuwahi kupata nafasi ya kumshukuru vizuri, maana alipofunguliwa Ruguru alishakwenda kulisha ng'ombe wake.

Aliyefungua alikuwa Gatakaa, matroni wa hosteli za wasichana, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana wa mabega. Alikuja akihema kutoka nyumbani kwake Dallas, miguuni ndara mbili zisizofanana. Alipomwona Somoe kwenye ngazi ya mwisho alishika kichwa.

"Woi! Woi, mami! Uko humu tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na mimi niliita majina yote. Wameniambia nifunge, nikaita kila mtu kwa listi." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mbele ya Somoe, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Si uone? Jina yako haiko."

Kweli halikuwepo. Gatakaa akaikunja ile karatasi, akamgusa Somoe kwenye paji la uso kwa nyuma ya mkono.

"Una joto. Na huwezi lala hapa. Kesho naenda nyumbani Siakago kwa mama yangu. Tunaenda pamoja."

"Sitaki kuwasumbua, mama."

"Hiyo sikukuuliza."

Usiku ule alilala kwa Gatakaa, na kesho yake waliteremka kwenda Siakago. Walivyozidi kushuka ndivyo baridi ilivyobaki nyuma. Migomba ikaisha, kahawa ikaisha, udongo ukabadilika rangi, vichaka vya miiba vikaanza, mbuzi wakasimama kwa miguu ya nyuma wakila majani. Somoe alivua sweta. Upepo uliomgusa mikono ulikuwa mkavu, wa moto, wenye harufu ya vumbi na majani yaliyoiva kwa jua, na ulifanana na wa Masasi kiasi kwamba ulimuuma. Hakuutarajia uchungu huo. Embu hakukufanana na kwao na alilijua hilo. Hapa kila kitu kilifanana, ila makuti tu ndiyo hayakuwepo, na bado hakuna mtu hata mmoja aliyemjua.

Mama yake Gatakaa aliitwa Igoki, na wote walimwita Cucu, yaani bibi. Alikuwa mwembamba, mweusi, macho makali, na hakuwa na Kiswahili isipokuwa salamu. Walimkalisha Somoe kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Wakamletea uji, kisha chai, kisha maembe yaliyokaushwa. Akitaka kuosha kikombe alinyang'anywa. Akitaka kufagia, Gatakaa alisema, "Wewe ni mgeni, kaa." Akakaa. Watu walikuja kumtazama, wakasalimia, wakageukiana na kuendelea na Kimbeere chao, wakicheka, na yeye akiwa katikati, mikono mapajani, akitabasamu mpaka mashavu yakachoka. Kule hosteli alikuwa peke yake kwa sababu hapakuwa na watu. Hapa walijaa tele na hali ilikuwa ileile.

Siku ya tatu yake jioni, Kivuti, mdogo wake Gatakaa, alikuja na jogoo mwekundu amemshika miguu. Cucu alimfuata na kisu. Alimwonyesha Somoe yule jogoo kwa fahari, akasema maneno, wote wakacheka kwa furaha.

"Ni yako," Gatakaa alifasiri. "Anasema mgeni wa mbali halali hapa bila nyama."

Somoe alijua jogoo mmoja ni kitu gani katika nyumba kama ile. Akasogea karibu na Gatakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ni Mwislamu. Siwezi kula kama hajachinjwa na Mwislamu. Nisamehe. Nilipaswa kusema mapema."

Gatakaa alijiziba mdomo kwa mkono. Akafasiri, polepole. Kivuti alimtazama dada yake, kisha jogoo. Cucu alikirudisha kisu jikoni, akajifunga shuka lake, akatoka uani. Kivuti akamwachia jogoo, naye akakimbia akipiga kelele kama aliyeibiwa.

"Usijali," Gatakaa alisema. "Ni vile tu yeye huona mtu akikataa chakula ni kama amekataa nyumba."

Walikula githeri ya mahindi na maharage. Somoe alipeleka kijiko mdomoni bila kuisikia ladha.

Asubuhi hakungoja kukaribishwa. Alijifunga khanga kiunoni, akatoka. Nyuma ya nyumba Cucu alikuwa ametandaza turubai, na juu yake lundo la mashina makavu yenye maganda. Bila kumtazama, bibi alisema neno moja akielekeza kwa kidevu upande wa ghala, "Njugu." Somoe akaenda ghalani. Akatafuta njugu, njugu mawe anazozijua yeye, akapekua kila gunia, akatoka mikono mitupu na kutikisa kichwa. Cucu akaguna, akainuka, akaingia ghalani na kutoka na kifungu kingine cha mashina yaleyale. Akakitikisa usoni kwa Somoe. "Njugu!"

Zilikuwa mbaazi.

Somoe aliyashika maganda, akayafungua. Mbaazi. Kwao Masasi msimu wote wa kiangazi uani hakupitiki kwa ajili yake. Akachukua fimbo iliyoegemezwa ukutani, akapanga mashina vizuri, ncha upande mmoja, akaanza kupura jinsi alivyofundishwa na bibi yake, si kwa nguvu bali kwa kuvuta fimbo kidogo inapotua, ili punje isipasuke. Cucu alisimama akimtazama mapigo kumi, ishirini. Kisha akachukua fimbo yake, akasimama upande wa pili wa turubai. Walipura mpaka jua lilipofika utosini. Hawakusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, Somoe hakuona kasoro kunyamaza.

Siku zikaenda. Hawakumnyang'anya vikombe tena. Alichota maji, akapepeta, akajua kumwita jogoo mwekundu aje ale makapi. Upweke haukuisha kwa hayo. Ulimjia saa za ajabu, kama vile akiwa ameinama anapepeta, akataka kumwambia mtu jambo dogo la kuchekesha, akainua kichwa na kukuta hajui atalisema vipi. Basi jambo lile alilimeza. Alimeza mengi Siakago.

Jumapili wote walikwenda kanisani. Somoe alibaki na kuku. Akaswali, akafagia ua, kisha akatwaa mbaazi alizokuwa ameziloweka tangu jana, akazichemsha mpaka zikalainika. Nazi hapakuwa nayo. Akakaanga karanga, akazitwanga, akaungia. Nyumba ikajaa harufu ya jikoni kwa mama yake, naye akalazimika kutoka nje kidogo kupunga hewa.

Waliporudi aliwapakulia. Kivuti alikula akainamia sahani. Cucu alionja, akakaa na kijiko hewani, akasema maneno marefu.

"Anasema nini?" Somoe aliuliza.

Gatakaa alisita. "Anasema njugu haipikwi hivi. Na chumvi umenyima."

Cucu akajiongezea chumvi kwa vidole. Akala akamaliza, akasukuma sahani mbele kwa Somoe apakue tena. Baadaye, akiosha vyombo peke yake uani, Somoe alilia kidogo, wala hakujua analia nini.

Mgomo uliisha wiki ya tatu. Gatakaa alipata habari asubuhi, na kufikia saa tano walikuwa tayari kwa safari. Alitangulia barabarani kusimamisha gari. Somoe akabaki getini na Cucu, aliyemshika mkono kwa mikono yake miwili yenye sugu na kuanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Hapakuwa na wa kufasiri. Yaweza kuwa ilikuwa baraka, yaweza kuwa yalikuwa maonyo juu ya chumvi, au habari za mtu mwingine kabisa aliyewahi kuondoka kupitia geti lile. Somoe alimtazama mdomoni asikose hata neno. Bibi alipomaliza, yeye naye akamjibu, na kilichomtoka hakikuwa Kiswahili bali Kimakua, lugha ya bibi yake, ambayo hata Masasi aliizungumza kwa nadra. Alimwambia kwamba alikuwa na hofu, kwamba bado anayo, kwamba Embu kuna baridi na miezi mitatu ni mingi. Cucu alimsikiliza akiitikia kwa kichwa, "Ĩĩ, ĩĩ," kama mtu anayeelewa yote.

Barabarani Gatakaa akaita. Somoe akaokota sanduku, akatembea kwa haraka bila kugeuka, maana alijua akigeuka hatafika.

Jioni ile, kabla ya kumfungulia mlango wa chuma, Gatakaa alitoa kalamu na ile karatasi ya majina iliyokunjwakunjwa, akaiegemeza ukutani.

"Andika wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nitakosea."

Somoe akaandika jina lake chini kabisa, mahali palipobaki, akapanda ngazi na sanduku lake. Kananu hakuwa amerudi bado. Chumba kilikuwa baridi kama alivyokiacha. Akafungua dirisha, akakunja blanketi la mwenzake vizuri, akaliweka juu ya kitanda cha Kananu, akakaa kungoja watu waje.